Kilichopenda Baridi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei mwaka 2024, saa saba na robo mchana, Laban alifungua friji ya damu akasikia harufu ya zafarani.

Alisimama pale, mlango ukiwa mkononi. Friji ile haikuwa ya chakula. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka humo hata chupa ya maji ya kunywa, na Laban, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa maabara katika hospitali ile ndogo ya pembeni mwa Garsen, alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Damu iliyohifadhiwa vizuri haina harufu. Mtu akisogeza pua hapati kitu ila ubaridi na plastiki. Lakini siku hiyo ilitoka zafarani, na nyuma ya zafarani kulikuwa na harufu nyingine, ya tope la mto linapoanza kukauka.

"Mama Shurie," aliita. "Ni nani ameweka biriani kwa friji yangu?"

Shurie alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama wa Kisomali mwenye umri wa kumzaa Laban. Alikuja akiburuta ndara zake.

"Biriani gani, na barabara imekatika? Watu wanakula ugali kwa chumvi, wewe waota biriani." Akainamisha kichwa mbele ya mlango ule. Akarudi nyuma. "Hii si ya kupikia," alisema kwa sauti ndogo. "Funga, Laban."

"Ni ya nini basi?"

"Nimesema funga, mwanangu."

Laban alifunga. Alikuwa Mpokomo wa Golbanti, amekulia kanisani, na mambo ambayo Waislamu huyanong'ona hakupenda kuyauliza mara mbili.

Mwaka huo Mungu alikuwa ameufungulia mto. Tana ilipanda ikameza mashamba ya migomba na mpunga, ikaingia majumbani, ikawatoa watu wa Golbanti na wa vijiji vya jirani, ikawaweka kambini juu ya mchanga. Wafugaji Waorma nao walihamia mchanga huohuo na ng'ombe wao. Barabara ya Malindi ilikatika. Damu iliyokuwa ikiletwa kwa gari haikuja tena, kwa hiyo mwishoni mwa Aprili Laban alibeba meza na mifuko mitupu hadi kambini, akawaomba watu watoe damu pale pale. Walitoa kwa moyo. Mifuko mingi ilitumika upesi, kwa watoto wa malaria na kwa kijana aliyejeruhiwa na kiboko wa mtoni. Ulibaki mmoja tu.

Mfuko huo ulikuwa wa kundi O hasi, damu adimu sana upande ule. Aliyeutoa ni Godhana, mchungaji wa Kiorma aliyeishi kambini. Na mtu aliyewekewa alikuwa Mbeyu, mke wa Laban mwenyewe.

Mbeyu alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Alipomzaa Valentine, binti yao wa kwanza, alivuja damu hadi kope zake zikawa nyeupe kwa ndani kama karatasi, na aliokolewa na mfuko mmoja wa O hasi uliofika kwa gari dakika za mwisho. Sasa gari halikuwepo. Kila asubuhi Laban alipoutazama mfuko wa Godhana, alikuwa anautazama uhai wa mke wake umelala kwenye rafu.

Jioni ya Jumanne hiyo jenereta ilizimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na mashua iliyotarajiwa kuyaleta haikuonekana. Paneli za jua za juu ya paa ziliweza kuwasha taa chache na kabati dogo la joto la maabara. Friji hazikuiweza. Laban alizunguka Garsen nzima akitafuta barafu. Alirudi mikono mitupu. Alilala akijua kwamba asubuhi atakuta damu imeharibika kwa joto.

Asubuhi alifungua. Kipimajoto kilisoma nyuzi nne.

Alikigonga kwa kidole, akadhani kimekufa. Akaingiza mkono. Friji ilikuwa baridi kuliko siku zote. Ukuta wake wa ndani ulikuwa umetoa jasho, na mfuko wa Godhana ulikuwa umelowa umande kama jani la mgomba alfajiri. Stima hakuna. Jenereta kimya. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati.

Laban alipiga magoti sakafuni. "Bwana, asante," alisema. "Asante kwa ajili ya Mbeyu."

Alipomweleza Shurie, mama huyo hakufurahi.

"Friji haina stima, na ina baridi?"

"Mungu amenihurumia, Mama."

"Mungu ni mwenye huruma, sikatai. Lakini huruma yake sijapata kuisikia ikinuka tope."

"Mama Shurie, usinivunje moyo."

"Sikuvunji. Nakuambia uutazame huo mfuko kwa macho yako ya kazi, si kwa macho ya bwana wa mtu."

Maneno hayo yalimchoma, lakini yalimwingia. Adhuhuri hiyo, watu walipokuwa wamejilaza vivulini kwa ukali wa joto na hata mbuzi wamenyamaza, Laban alikwenda maabara peke yake. Saa hizo za jua la utosi wazee wa upande ule huwakataza watoto kwenda mtoni, wakisema kuna wengine wanaoteka maji wakati huo. Aliukaribia mlango wa friji akasikia kitu ndani. Kilikuwa kinagonga polepole, kwa subira, kama ukucha juu ya plastiki, kikigonga kikaacha, kikigonga kikaacha, na kila kilipoacha palifuata sauti ndogo ya kumeza, na Laban alibaki amesimama na jasho likimshuka mgongoni, akijiambia kwamba ni bomba la friji linapoa, huku akijua, kwa sababu hakuwa mtoto, kwamba bomba la friji isiyo na stima halina la kupoa.

Alifungua kwa jina la Yesu. Kugonga kukakoma.

Akautoa mfuko akaupeleka dirishani. Kila mfuko wa damu una mkia, yaani mrija mwembamba uliobaki tangu siku ya kutoa, umezibwa kwa vipande vipande. Damu ya mkiani na damu ya tumboni ni ya mtu mmoja, saa moja, lakini hazigusani tena. Laban alikuwa amefundishwa hivi: tumbo la mfuko likiwa jeusi kuliko mkia wake, usiutumie, maana humo tumboni kuna kitu kinachopumua.

Aliulinganisha. Mkia ulikuwa mwekundu. Tumbo lilikuwa... hakuwa na hakika. Alipouinamisha hivi, liliiva kama zambarau. Alipouinamisha vile, likawa jekundu kama mkia. Hakuona mapovu wala mabonge. Alitamani liwe safi, na anayetamani sana haoni vizuri.

Basi alifanya kipimo alichokuwa nacho. Alikuwa na chupa mbili za mchuzi wa maabara, ule mchuzi mwangavu ambao wadudu wa ugonjwa wakiangukia humo hula na kuzaana hadi ukavurugika. Alivuta damu kidogo mfukoni kwa sindano safi, akatia tone katika kila chupa. Moja aliiweka ndani ya kabati la joto, kwenye joto la mwili wa mtu, kwa maana wadudu wanaowaua watu hupenda joto la watu. Ndivyo alivyojua, na ndivyo wengi wanavyojua. Ya pili ilikuwa ya akiba tu. Aliizungushia karatasi akaisimamisha mlangoni mwa friji.

Alhamisi alitazama chupa ya joto. Ilikuwa safi. Ijumaa asubuhi akatazama tena. Ilikuwa safi kama chai ya rangi ndani ya glasi. Akaanza kucheka peke yake, akamwita Shurie aone.

"Umeona, Mama? Mashetani yako hayapendi mchuzi wangu."

Shurie aliitazama chupa kwa muda. "Inshallah iwe hivyo," alisema. Hakucheka.

Uchungu ulimshika Mbeyu Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya watu kwenda msikitini. Mtoto alitoka upesi, wa kike, analia vizuri. Kisha damu ikaanza kushuka, na haikusimama.

Nicholas, daktari kijana aliyekuwa peke yake zamu hiyo, alimsugua tumbo, akamchoma dawa, akafanya yote aliyofundishwa. Kisha akamkimbilia Laban koridoni, mikono yake ikiwa myekundu hadi viwikoni.

"Kaka, nipe ule mfuko."

"Nina shaka nao kidogo, daktari. Nauona mweusi."

"Ni mweusi au ni woga wako? Chupa inasema nini?"

"Chupa ni safi."

"Basi?"

"Tungepata mwingine..."

"Mashua ikienda sasa itarudi kesho. Mke wako hana kesho, Laban. Ana nusu saa. Niambie wewe."

Laban alirudi maabara akaitazama chupa ya joto mara ya mwisho. Haikuwa na hata wingu. Akafungua friji. Ile harufu ya zafarani ilimpiga usoni, nzito, kama mtu aliyejipaka kwenda harusini. Alinyoosha mkono kuushika mfuko, na mfuko ukamjia kiganjani kwa wepesi, kama kitu kilichokuwa kimechoka kungoja kubebwa.

Mbeyu alikuwa macho bado. Midomo imepauka, lakini alimwona mumewe akiutundika mfuko akajaribu kutabasamu.

"Baba Valentine, hiyo damu ni ya nani?"

"Ya Godhana. Yule Morma wa kambini."

"Ai! Sasa nikiamka nianze kuchunga ng'ombe kwenye shamba la mama yangu?"

"Nitakukatia fimbo mwenyewe."

"Iwe ndefu," alisema Mbeyu. Akafumba macho.

Damu ikaanza kushuka mrijani. Mashavu ya Mbeyu yalianza kurudiwa na rangi. Nicholas akapumua. Laban akambusu mkewe kwenye paji la uso, akamtazama mtoto aliyefungwa kanga, kisha akaenda maabara kuzima kabati la joto, kwa sababu mwili wake haukuweza kutulia mahali pamoja.

Mlango wa friji ulikuwa wazi. Alikumbuka kuufunga. Alipousogelea lilimpiga joto, joto kama la tanuri ya mikate, na ndani hamkuwa tena na zafarani wala tope wala chochote, palikuwa mahali patupu palipohamwa. Kipimajoto kilikuwa kinapanda mbele ya macho yake. Ndipo alipoiona ile chupa ya pili mlangoni, ile ya akiba, iliyokaa kwenye baridi tangu Jumatano, na karatasi yake ikiwa imelowa na kuvimba. Akaifungua karatasi. Mchuzi ulikuwa umekuwa mzito kama uji, wa kijivu, na kifuniko kimesukumwa juu, na alipouinua kwenye mwanga ulijigeuza wenyewe ndani ya glasi, polepole, kama anayelala akigeuka upande wa pili.

Wenye elimu wanasema wapo wadudu wa namna hiyo. Si wengi. Hawana haraka na joto la mtu. Baridi ndiyo inayowalea. Friji inayowaua wenzao wao huifanya kitalu. Laban aliyaelewa yote hayo kwa mara moja, akiwa ameishika chupa. Alikuwa ameiuliza damu ile swali la joto, si la baridi. Akaitupa chupa akakimbia, akakimbia akiita jina la daktari, jina la Shurie, jina la mkewe, akiteleza kwenye saruji, akipita wagonjwa waliokaa mabenchini na kuinuka, na koridoni humo, ambamo hata kuta zilikuwa moto kwa jua la mchana, alianza kuiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi.

Kitanda cha Mbeyu kilikuwa kinagonga sakafu. Mwili wote ulikuwa unatetemeka, meno yakigongana, miguu ya chuma ikipiga saruji.

"Baridi," alikuwa akisema. "Baridi, Baba Valentine. Baridi."

"Funga mrija!" Laban alipiga kelele. "Daktari, funga! Ina wadudu! Toa!"

Nicholas alikwisha kuufunga. Aliuondoa mfuko na mrija wake, akaweka maji mapya, akamchoma dawa kali za kuua wadudu, moja na ya pili. Shurie alimfunika mablanketi yote ya wodi, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa mnong'ono. Laban alishika miguu ya mkewe, iliyokuwa kama mawe ya mtoni, akasema, "Bwana ndiye mchungaji wangu," na hakuweza kwenda mbele ya hapo.

Kisha mtetemo ukaacha ghafla. Mbeyu alifungua macho. Alitabasamu, lakini tabasamu lile halikuwa lake. Lilikuwa la mgeni aliyekaribishwa vizuri. Akasema maneno taratibu kwa Kiorma, lugha ambayo Mbeyu hakujua zaidi ya salamu za sokoni.

Shurie, aliyekielewa Kiorma, alikata kisomo. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Anasema nini, Mama?" Laban alinong'ona.

"Usitake kujua."

"Mama Shurie, huyu ni mke wangu."

"Anashukuru," Shurie alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Anasema aliahidiwa, na mmemfikisha."

Daktari na wauguzi walipigana hadi alasiri ikapita. Karibu na magharibi Mbeyu alirudi mwenyewe kwa muda mfupi. Aliuliza kama mtoto ananyonya. Akasema aitwe Josephine, jina la mama yake. Akauliza kwa nini watu wote wamevaa nyuso za msibani. Adhana ilipoanza alikuwa amekwisha kwenda kwa Muumba wake.

Asubuhi ya Jumamosi Godhana alifika hospitalini na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amesikia kwamba damu yake imemwokoa mwanamke, kwa sababu habari njema ilitangulia ile mbaya. Alikuja na Maalim Farah, mzee aliyewatibu kwa Kurani watu wa kambini. Walimkuta Laban amekaa mlangoni mwa chumba alicholazwa marehemu. Waliposikia yaliyotokea, kibuyu kilishuka chini chenyewe.

Laban hakupandisha sauti. "Godhana, siku ile ulipotoa damu nilikuuliza kama tumbo limekuuma."

"Uliniuliza. Nikasema hapana."

"Hukuendesha? Hukuhara?"

"Kuendesha niliendesha." Kijana alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mimi si nilikunywa kombe? Nilikuwa na jini, kaka. Maalim alinipa kombe, tumbo likatoka, na yeye akatoka pamoja nalo. Huko ni kusafishwa. Wewe uliniuliza ugonjwa. Mimi nilikuwa nimepona."

Maalim Farah aliinamisha kichwa. Kombe huandikwa aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha huoshwa kwa marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa. Kila mtu wa upande ule anajua.

"Marashi hayakuwepo," Maalim alisema. "Maduka yalikuwa majini. Niliosha kwa maji ya mto. Niliona mto pia umeumbwa na Mungu."

"Na huyo jini," Laban aliuliza, "ulimwambia aende wapi?"

Mzee aliketi chini.

"Alilia kwamba anaungua. Kwa kinywa cha huyu kijana, alilia usiku na mchana, anaungua, anataka baridi. Jini hatoki bure, mwanangu. Lazima umwonyeshe pa kwenda. Nikamwambia, toka, nenda penye baridi. Nikafikiri atatafuta kisima kirefu. Labda bahari."

"Garsen hii, Maalim, na jua hili. Penye baridi ni wapi?"

Maalim Farah alianza kulia. Laban alimwacha alie, kisha akauliza lile lililomkalia moyoni tangu jana.

"Kama alikuwa na friji yake, alimtakia nini mke wangu? Mtu ana joto."

"Mtu ana joto akiwa hai," mzee alijibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba asisikiwe. "Friji ni ya kupita, hufunguliwa na kufungwa. Yeye alitaka mahali pa kukaa. Wanamlazaje marehemu siku hizi? Si kwenye barafu? Mkimweka humo, mtakuwa mmemjengea nyumba, naye atakaa, na kila atakayelazwa jirani yake..." Hakumaliza.

Saa hiyo hiyo mashua ilitia nanga chini ya hospitali. Alikuwa Zachary, kaka yake Mbeyu, ametoka upande wa Kipini na masanduku ya barafu ya wavuvi. Alitaka kumpeleka dada yake chumba cha maiti cha mjini hadi maji ya Golbanti yashuke, azikwe karibu na mama yake, baada ya siku za kukesha na nyimbo, kama wanavyozikwa watu wao.

"Tunamzika leo," Laban alisema. "Hapa juu, kwenye mchanga."

"Shemeji, umechanganyikiwa kwa uchungu. Hapa ni kambini."

"Saa sita. Jua likiwa utosini."

"Dada yangu azikwe jangwani bila wimbo, kama ng'ombe wa ukame? Wazee watakuuliza. Mimi mwenyewe nitakuuliza!" Akawageukia vijana wake. "Leteni barafu."

"Zachary. Kabla hujaleta barafu, nenda ukamshike mkono."

Zachary aliingia kwa hasira. Walimsikia akisema jina la dada yake kwa upole. Kisha walisikia kiti kikianguka. Alitoka akiwa amekishikilia kiganja chake kifuani kama aliyeungua, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa nyeupe.

"Amekufa tangu jana jioni," alisema akihema. "Chumba kile ni moto, nzi hakuna hata mmoja, na kwenye midomo yake... shemeji, kwenye midomo yake kuna barafu."

Laban alimfunga kiganja kwa kitambaa.

"Mwageni masanduku mtoni," Zachary aliwaambia vijana. "Tafuteni majembe."

Walichimba kwenye mwinuko ambako hapakuwa na hata mti, kwenye mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi hadi usiweze kukanyagwa bila viatu. Mchungaji wa kanisa alisimama kichwani, Maalim Farah akasimama mbali kidogo akisoma yake, na hakuna aliyemkataza. Wanaume sita waliomjua Mbeyu, mwanamke mwembamba, waliyumba chini ya uzito wake. Walipomshusha katika shuka yake, bila sanduku, kama Laban alivyoagiza, na koleo la kwanza la mchanga wa moto lilipoangukia kifua chake, kulitoka sauti chini ya shuka, kugonga kwa haraka, kugonga kwa hasira, kama kucha kumi juu ya ubao, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana, wanawake wakapiga yowe, na Laban akaruka ndani ya kaburi, akachukua mchanga kwa mikono yake mwenyewe, mchanga uliomchoma viganja, akaumwaga juu ya miguu na tumbo na mabega ya mke wake, akilia, akisema huyu si wako, huyu si nyumba yako, huyu ana mwenyewe, huku shuka ikitoa moshi mweupe wa ubaridi, na harufu ya zafarani na tope ikapanda ikawafunika wote hadi wakakohoa, ikasimama juu yao kama kivuli kisicho na kitu, kisha upepo wa moto ukatoka nchi kavu ukaisukuma kuelekea majini.

Kugonga kukakoma. Nzi mmoja akatua kwenye shuka.

Laban alipeleka mkono pole pole akaushika mguu wa Mbeyu juu ya kitambaa. Haukuwa baridi na haukuwa moto. Ulikuwa mguu wa mke wake aliyekufa, basi. Akauinamia. Akakaa hivyo kwa muda, na hakuna aliyemharakisha.

Ndipo walipoimba, Zachary akianza.

Laban yuko kazini hadi leo. Kila damu yenye shaka huitia chupa mbili, moja ya joto na moja ya baridi, na huzitazama zote kabla ya kusema neno. Na anayekuja kutoa damu haulizwi tena kama ameugua tumbo. Huulizwa kama tumbo limetoka, kwa ugonjwa au kwa dawa, ya hospitali au ya maalim, na akijibu ndiyo huambiwa arudi siku nyingine, kwa heshima. Maalim Farah mwenyewe huwatuma watu na ujumbe: huyu amekunywa kombe, msimchukue. Josephine anatembea sasa, na Shurie humdekeza kupita kiasi.

Ee Mungu Baba, uliyeumba mto na jangwa, vinavyoonekana na visivyoonekana, mpokee mjakazi wako Mbeyu. Alikuja kwako kabla hajamnyonyesha mtoto wake mara mbili. Umfutie machozi, umpe mahali pa nuru na raha, ambapo jua halitampiga wala baridi haitamgusa. Wale walio hai uwalinde, na waliokosa bila kujua uwasamehe. Umlaze kwa amani, Bwana, hadi asubuhi ya ufufuo. Amina.